Nimekupa mji, jibu liko wapi? Kuhusu mwisho wa Lost

SWALI

Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita nimemaliza kuangalia Lost, ile tamthilia ya Marekani ya abiria wa ndege iliyoanguka kisiwani, misimu yote sita, miezi minne ya usiku baada ya kazi. Sehemu ya mwisho nililia, kesho yake asubuhi nikaamka na hasira. Yule mtoto Walt alikuwa na nini? Nani walikuwa wanapiga risasi kwenye ile ngalawa? Kwa nini wanawake waliopata mimba kisiwani walikufa? Na zile namba? Rafiki zangu wanasema watu wote walikufa tangu ndege ilipoanguka, kwa hiyo hakuna cha kujibiwa. Naomba uniambie, waandishi walijua wanakokwenda au walituchezea? Halafu mdogo wangu naye ameanza kuiangalia, yuko msimu wa pili, kila siku ananiuliza habari za Walt. Nimwambie aache?

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yangu. Niwaonye kwanza wasomaji wengine: nitataja kila kitu mpaka picha ya mwisho kabisa. Asiyetaka kujua aishie hapa.

Tuanze na hilo la rafiki zako, maana tukiliacha hatutakuwa na cha kuzungumza. Si kweli kwamba wote walikufa ndege ilipoanguka. Kisiwa kilikuwepo na yaliyotokea kisiwani yalitokea. Kilichokuwa ng'ambo ya kifo ni yale maisha mengine ya msimu wa sita peke yake, yale ambamo ndege inatua salama Los Angeles. Katika sehemu ya mwisho, pale kanisani wanapokutana baada ya kufa, baba yake Jack, mhusika mkuu, anamweleza mwanawe waziwazi kwamba kila mtu hufa kwa siku yake, wako waliomtangulia na wako waliomfuata baada ya muda mrefu sana.

Mkanganyiko ulitoka mahali pengine. Usiku wa tarehe 23 Mei 2010, hadithi ilipokwisha, kituo cha ABC kilionyesha picha za mabaki ya ndege ufukweni, mawimbi yanakuja na kurudi, hakuna mtu, huku majina ya waigizaji na mafundi yakipita. Watu wakazisoma picha zile kama jibu: kumbe hakuna aliyepona! ABC ikabidi itoe maelezo kwamba hazikuwa sehemu ya hadithi, ziliwekwa ili mtazamaji apate kutua moyo kabla ya taarifa ya habari. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, kwa sababu kinaonyesha Lost ilikuwa imewalea watazamaji wake vipi. Kwa miaka sita waliambiwa kwamba kila kinachopita kwenye kioo ni dalili ya jambo. Ukimlea mtu hivyo, atasoma hata mabaki ya ndege, na hatakuwa na kosa.

Sasa, walijua wanakokwenda? Walijua baadhi. Mengine mengi waliyatafuta njiani.

Lost ilizaliwa kwa haraka. Wazo la watu waliokwama kisiwani lilikuwa la Lloyd Braun, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa ABC. Rasimu ya kwanza, ya Jeffrey Lieber, haikukubaliwa, akaitwa J. J. Abrams, naye akakutanishwa na kijana Damon Lindelof, wakaandika mbiombio. Katika mpango wao wa awali Jack, yule daktari ambaye hadithi nzima imekuja kumzunguka, alikuwa afe katika sehemu ya kwanza. Wakubwa wa kituo wakakataa, wakasema watazamaji hawatawaamini tena. Fikiria hilo kidogo: jicho linalofumbuka mwanzoni na kufumba mwishoni ni la mtu ambaye hakukusudiwa kuuona usiku wa kwanza. Braun mwenyewe alipoteza kazi kabla tamthilia haijaonyeshwa. Abrams akaenda kwenye sinema. Akabaki Lindelof, akaungana na Carlton Cuse, na hao wawili ndio walioibeba mpaka mwisho.

Na walibebeshwa mzigo usio na mwisho, nikisema mwisho nina maana ya tarehe. Katika televisheni ya biashara ya Marekani wakati ule, tamthilia inayopendwa haimalizwi. Inaendelea sehemu ishirini na kitu kila mwaka mpaka watazamaji wachoke wenyewe. Msimu wa kwanza wa Lost una sehemu 25, wa pili 24, wa tatu 23. Mwandishi asiyejua kama mbele yake kuna sehemu thelathini au mia mbili hawezi kupanga jibu. Anachoweza ni kuliahirisha. Kila akifungua mlango mmoja inambidi achore mwingine nyuma yake, kwa kuwa akimaliza milango kabla ya muda, hana kazi. Katika msimu wa tatu kuna sehemu nzima inayosimulia Jack alikopata chale za mkononi. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Ukiiona unajua kabisa kwamba chumba cha waandishi kimeishiwa, na Lindelof mwenyewe amekiri hivyo.

Mei 2007 ABC ikakubali jambo ambalo lilikuwa nadra sana kwa kituo kikubwa: ikatangaza tarehe ya mwisho miaka mitatu kabla. Sehemu 48 zaidi, misimu mitatu ya sehemu 16, basi. Miezi michache baadaye waandishi wa Marekani wakagoma, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, msimu wa nne ukapunguzwa ukawa na sehemu 14 na zilizobaki zikasogezwa mbele. Ukiirudia tamthilia utauona mshono huo kwa macho. Kabla ya mshono wahusika wanazunguka msituni, baada ya mshono wanakwenda mahali.

Lakini kueleza sababu si kulipa deni. Mimi hasira yako siiondoi, nataka tu tujue inakwenda kwa nani na kwa lipi, kwa sababu nyuzi ulizozitaja hazina uzito mmoja. Kipimo changu si kama uzi ulifungwa au haukufungwa. Ninaangalia hadithi ilikutoza kiasi gani ili uushike.

Ile ngalawa, kwa mfano. Msimu wa tano, Sawyer, Juliet, Locke na wenzao wanapiga kasia, nyuma yao inatokea ngalawa nyingine inawamiminia risasi, Juliet anajibu, anampata mtu, halafu wakati unaruka na wote wanajikuta kwenye mvua ya zama nyingine. Hatukuambiwa kamwe wale walikuwa nani. Lindelof na Cuse walisema baadaye kwamba jibu waliliandika kwenye karatasi, kisha wakaamua kuliacha hukohuko. Mimi nimewasamehe. Tukio lile lilikutoza dakika chache za moyo kwenda mbio na likakupa hizohizo. Hakuna mtu aliyefanya uamuzi wa maisha yake kwa ajili ya ngalawa ile.

Namba zilijibiwa, kwa jibu jembamba. 4, 8, 15, 16, 23, 42: ndani ya pango tunaona kila moja ina jina la mtu anayeweza kurithi ulinzi wa kisiwa, Locke, Reyes, Ford, Jarrah, Shephard, Kwon. Zijumlishe zote utapata 108, zile dakika ambazo kila zikipita ilibidi kitufe cha kisiwani kibonyezwe. Ni hesabu nzuri. Ila imetuambia namba zilikuwa wapi na haikutuambia kwa nini zilimfuata Hurley, ndiye huyo Reyes, mpaka kwenye tiketi ya bahati nasibu na kumharibia kila aliyempenda. Hapo nakubaliana nawe nusu.

Kwa wajawazito sina huruma na waandishi hata kidogo. Juliet, daktari wa uzazi, aliletwa kisiwani kwa sababu hiyo, akashikiliwa miaka mitatu kwa sababu hiyo, akaona wanawake wakimfia mikononi. Sun, mmoja wa abiria, alipopata mimba tulihesabu wiki naye. Kisha helikopta ikamchukua, akajifungulia Korea, na jambo lote likawekwa kando. Kuna kidokezo kimoja: msimu wa tano, mwaka 1977, mwanamke anajifungua kisiwani na mtoto anapona, na Juliet ndiye anayemzalisha. Kwa hiyo balaa lilianza baadaye, pengine kwa ule mlipuko wa mwaka huohuo. Ukiunganisha mwenyewe, unapata jibu. Lakini jambo lililotozwa kwa sauti kubwa namna ile halilipwi kwa kunong'ona. Ilitosha sentensi mbili, na zingetoka kinywani mwa Juliet, ambaye kwa muda wote ule ndiye aliyelibeba swali.

Nikuongezee mmoja ambao hukuutaja: Eko. Kwetu huku huyu alikuwa na uzito wake. Jambazi wa dawa za kulevya wa Nijeria anayevaa kanzu ya padri kama ndugu yake, na sababu ya ujambazi wake ni kwamba utotoni, kijijini, alichukua bunduki na kumpiga mzee risasi ili mdogo wake Yemi asilazimishwe kufanya hivyo. Ile ndege ndogo yenye sanamu za Bikira Maria zilizojazwa heroini iliruka kutoka Nijeria ikaja kuanguka kisiwa cha Pasifiki. Ramani yote ya dunia imerukwa, na hakuna aliyetueleza vizuri imefikaje. Eko alikuwa anaanza kujenga kanisa. Moshi mweusi, lile zimwi la kisiwani, ulipomjia mara ya kwanza alisimama, akautazama, ukarudi. Kisha Adewale Akinnuoye-Agbaje, mwigizaji wake, akaomba kuondoka, na mapema katika msimu wa tatu moshi uleule ukamuua. Uzi ule haukukosa jibu kwa uvivu. Ulikatika kwa sababu mtu aliyeushika alirudi kwao. Utazamaji wa televisheni una jambo hili ambalo msomaji wa riwaya hakutani nalo: mhusika ana mwili wa mtu mwingine, na mwili huo una mkataba, una ugonjwa, una nyumbani.

Na unakua. Hapo ndipo tunafika kwa Walt.

Malcolm David Kelley alikuwa na miaka 12 Lost ilipoanza mwaka 2004. Msimu wa kwanza, uliochukua karibu mwaka mzima kwenye televisheni, kisiwani ni siku 44 tu. Piga hesabu. Kufikia mwisho wa msimu wa pili mtoto wa hadithi amezeeka miezi miwili na kidogo, na mtoto wa kweli ameingia balehe, mabega yamepanuka, sauti imeshuka. Hakuna mwandishi anayeshinda hilo. Kwa hiyo baba yake akapewa boti, wakaondoka. Alipoonekana tena baadaye alikuwa kijana mrefu, na wahusika wenyewe ilibidi waseme kwamba amekuwa mkubwa.

Nawaelewa kwa kimo chake. Nisichowaelewa ni kwamba walijua watoto hukua siku walipomwandikia mtoto uwezo wa ajabu. Kuna tukio katika msimu wa kwanza: Walt ana kitabu cha ndege wa porini, anataka mama na baba wa kambo wamsikilize, hawamsikilizi, na ndege yuleyule wa kitabuni anajigonga kwenye kioo cha dirisha na kufa. Kishindo kimoja. Baba wa kambo anamtazama mtoto kwa woga. Baada ya tukio lile huwezi kumwangalia Walt kama mtoto wa kawaida. Kisha wale Wengine, watu waliokuwa wakiishi kisiwani kabla ya ajali, wanakuja na boti usiku, chelezo kinachomwa moto, na wanachokitaka ni yeye tu. Msimu unapokaribia kufungwa, mtoto yule anapiga kelele akimwita baba yake gizani. Hiyo ni taharuki iliyowekwa rehani kwa mtoto, na katika msimu wa pili baba yake anaua na kusaliti ili amrudishe. Hakuna uzi uliotutoza zaidi ya huo. Na pale kanisani Walt hayupo.

Nilisema deni lazima lijulikane ni la nani, kwa hiyo na la kwangu nilitaje. Miaka kadhaa iliyopita niliandika tamthilia kwa kituo kimoja cha hapa nchini. Katika sehemu ya tatu, bibi mmoja anafungua pindo la kanga yake, fundo limekazwa kweli, anatumia meno, anatoa ufunguo mdogo wa shaba na kumpa mjukuu wake. Anamwambia usifungue sanduku mpaka nimezikwa. Mwongozaji aliipiga picha vizuri sana, ule uso wa bibi, ile mikono. Watu wakaipenda. Nikawa naurudisha ufunguo kila nilipoona hadithi inalegea: mjukuu anaugusa shingoni, mjomba anauliza habari zake, mwizi anauiba na kuurudisha. Kisha bajeti ikakatwa, yule binti aliyeigiza mjukuu akaolewa akahamia mbali, tamthilia ikafungwa kwa harusi ya wahusika wengine. Mwaka mmoja baadaye niko Kariakoo nanunua mchele, mama muuzaji amenitambua, akaacha kupima, kibaba kikiwa hewani, akaniuliza, "Mwanangu, ule ufunguo ulikuwa wa nini?"

Sikuwa na jibu. Na si kwamba kituo ndicho kilichonizuia kulitoa. Tangu siku nilipoandika fundo lile la kanga, sikuwa najua sandukuni mna nini. Mama yule alikuwa amefikiria hati ya nyumba. Au barua. Alikuwa amefikiria vizuri kuliko mimi, kwa mwaka mzima, bure.

Tangu siku hiyo nafundisha tofauti na nilivyofundishwa. Kwenye vitendawili vyetu, mtegaji anatega, watu wanahangaika, wakishindwa anasema nipe mji. Wanampa mji. Anakwenda Lamu, anakwenda Kilwa, anakula, anastarehe, na akirudi ni lazima aseme jibu. Hajawahi mtu kupewa mji kisha akasema, lakini starehe ya kitendawili si ilikuwa kukiwaza pamoja? Wangemfukuza barazani. Jibu laweza kuwa dogo, hata la kuchekesha, mradi alikuwa nalo tangu alipotega. Hilo ndilo mtazamaji anastahili. Wewe ulitoa miji sita. Kwa baadhi ya vitendawili Lindelof na Cuse walikuwa na jibu, na waliporudi walilisema. Kwa Walt, naamini, walitega kwanza wakaenda kulitafuta jibu huko mjini, na hawakulipata.

Basi kwa nini ulilia? Usiku ule hukudanganywa, na ningependa machozi hayo usiyaonee haya kwa sababu ya hasira ya asubuhi. Sehemu ya mwisho ilijibu swali lililokuwepo tangu picha ya kwanza. Rudi uangalie dakika tatu za mwanzo kabisa. Jicho linafumbuka. Jack yuko chali kwenye mianzi, suti imechanika, mbwa Vincent anatokea, anamtazama, anakimbia zake. Jack anapita, kwenye mwanzi kuna kiatu cheupe kimening'inia. Halafu angalia dakika tatu za mwisho. Mianzi ileile. Jack ana jeraha ubavuni, anapepesuka, anapita kile kiatu, safari hii kimechakaa. Analala palepale. Vincent anakuja, na safari hii hakimbii, analala kando yake. Juu ndege inapita na wale aliowaokoa. Jicho linafumba. Mtu aliyeamka peke yake anakufa akiwa na mwenzi, japo ni mbwa. Uzi huo ulitozwa tangu sekunde ya kwanza na umelipwa wote, na aliyeulipa alijua anachofanya.

Tatizo ni kwamba hadithi zilikuwa mbili. Moja ya watu, ya kwamba hakuna apitaye peke yake, nyingine ya kisiwa: moshi, mashine, namba, mimba, mtoto. Usiku wa mwisho ililipa ya kwanza kwa ukarimu, na ya pili ikawa kama haikuwahi kudaiwa. Aliyekuwa ameishika zaidi ya watu alilala ametosheka. Wewe umezishika zote mbili kwa miezi minne kama walivyokuomba, ndiyo maana ulilia usiku na kukasirika asubuhi. Mimi sioni kwamba hisia moja inaifuta nyingine.

Jambo moja pengine hulijui. Agosti 2010, miezi mitatu baada ya mwisho, DVD zilipotoka, ziliambatana na nyongeza ya kama dakika 12 inayoitwa "The New Man in Charge". Ndani yake Ben, aliyekuwa kiongozi wa wale Wengine, anakwenda ghala moja kisiwa cha Guam ambako wafanyakazi wawili bado wanatuma vyakula kisiwani bila kujua wanamtumia nani. Wanadai majibu, anawaonyesha kanda, na maswali kadhaa, likiwemo la dubu weupe, yanajibiwa hapo kwa haraka. Kisha anakwenda kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa aliyeko kule ni Walt, mkubwa sasa, aliyeishi miaka yote akiambiwa ni kichaa kwa sababu anasema ukweli. Ben anamwomba msamaha. Hurley anamsubiri kwenye gari, anamwambia ana kazi kwa ajili yake, na wanaondoka kurudi kisiwani. Uwezo wake haujaelezwa bado. Ila yule mtoto aliyepiga kelele gizani, mtu amekwenda kumchukua. Kwangu ilikuwa nusu ya deni, imelipwa kwa kuchelewa na nje ya mlango. Nimeipokea.

Kuhusu mdogo wako, usimwambie aache. Yuko karibu na mwisho wa msimu wa pili, pale gatini ambapo Jack, Kate, Sawyer na Hurley wamepigishwa magoti, mikono imefungwa, na boti inaondoka na Walt na baba yake. Akifika hapo kaa naye, mwache aiangalie boti mpaka ipotee. Akikuuliza kama Walt atarudi, mwambie atarudi, lakini amesogea mbali. Na zile dakika 12 mfichie mpaka amalize misimu yote sita, kisha muwekee usiku uleule, kabla hajalala.